Umbo la njia ya moshi katika silinda hedi: fundi aipanue au aiache?

SWALI: Ndugu Mhandisi, marehemu baba yangu aliniachia gari aina ya Morris Minor 1000 lenye injini ya sentimita za ujazo 1098. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, imefunguliwa ili valvu zisagwe, nami nimeona kwamba silinda ni nne ilhali midomo ya kutolea moshi ni mitatu tu. Juu ya meza hiyohiyo palikuwa na silinda hedi ya injini nyingine ambayo midomo yake ya moshi ina umbo la herufi D iliyolazwa, upande wa bapa ukiwa chini. Fundi anataka kuzipanua njia zote za moshi za Morris, azifanye za mviringo na kuzing'arisha kama kioo, ili injini ipumue. Je, nimruhusu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kufiwa na mzee, na ahsante kwa kulitunza gari lake. Kung'arisha hakutakudhuru, ila kupanua usikubali, kwa kuwa njia ya moshi hufanya kazi kwa umbo lake kuliko kwa ukubwa wake, na chuma kikishakwanguliwa hakirudi.

Tuanze na moshi wenyewe. Valvu ya moshi hufunguka pistoni ikiwa bado inashuka, kwa kawaida nyuzi 40 hadi 60 za mzunguko wa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kabla ya kufika chini kabisa, na wakati huo shinikizo lililobaki ndani ya silinda, injini ikiwa imekanyagwa mafuta hadi mwisho, linaweza kuwa mara 3 hadi 5 ya lile la hewa tunayoivuta. Kwa hiyo moshi hausubiri kusukumwa. Sehemu yake kubwa hufyatuka wenyewe kupitia mwanya mwembamba wa valvu kwa mwendo wa sauti, ambao katika gesi yenye joto kama hilo hupita mita 600 kwa sekunde. Baadaye ndipo pistoni inapopanda na kusukuma masalio. Mkupuo ule wa kwanza ukiingia katika njia pana kupita kiasi, hutanuka na kupoteza kasi, na kasi hiyo ndiyo ambayo ingevuta masalio yaliyo nyuma yake.

Jambo la pili ni kona. Moshi hutoka silindani ukielekea juu, kisha hulazimika kugeuka ghafla uelekee ubavuni mwa injini. Kitu kinachokwenda mbio hakipendi kukata kona, na ndiyo maana moshi huambaa na dari ya njia, huku ukiiachia sakafu, hasa pale penye mkunjo mfupi chini ya valvu, gesi inayozungukazunguka bila kwenda popote. Hapa ndipo lilipo jibu la ile herufi D. Mbunifu ameona kwamba nusu ya chini ya duara ingekuwa nafasi isiyotumika, kwa hiyo ameijaza chuma, akainyanyua sakafu na kuifanya bapa, ili moshi upite wote katika sehemu inayotumika na mkunjo wa chini uwe mpana zaidi. Faida nyingine ni kwamba, katika kipindi kifupi ambapo valvu zote mbili huwa wazi, wimbi la shinikizo linaporudi kutoka kwenye bomba hugonga ukingo wa sakafu hiyo badala ya kupata mlango wazi wa kurejea silindani. Fundi akiifanya D kuwa duara kwa kukwangua sakafu, anairudisha ile nafasi isiyotumika na kuukaza mkunjo ambao tayari ni mkali.

Uzito wa kona hiyo waliuona vizuri washindani wa mbio za magari Marekani waliotumia injini ya Ford iitwayo 351 Cleveland, iliyotoka kwa magari ya mwaka 1970. Valvu zake zilisifiwa sana, lakini njia za moshi zilikuwa zimeinamishwa chini ili mabomba yatoshee kwenye boneti. Mafundi wa mbio hizo hawakuhangaika kuzipanua. Walikata upande mzima wa moshi wa silinda hedi na kufunga mahali pake bamba nene lenye njia zilizonyanyuliwa juu, ili moshi utoke kwa mstari ulionyooka zaidi.

Sasa turudi kwenye Morris yako. Injini yake ni ya ukoo wa A uliozaliwa Uingereza mwaka 1951, na ndani yake silinda ya 2 na ya 3 hutoa moshi kupitia mdomo mmoja wa katikati. Hilo halina ubaya kama linavyoonekana. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, kwa hiyo silinda hizo mbili hupishana kwa mzunguko mmoja kamili wa kranki, na moshi wa moja haugongani na wa mwenzake. Tatizo la kweli ni joto: mdomo wa katikati hupokea mkupuo kila mzunguko, ilhali ya pembeni hupokea kila baada ya mizunguko miwili, kwa hiyo kuta za ule wa katikati hukosa muda wa kupoa. Silinda hedi za ukoo huu, na zaidi zile za injini ya sentimita za ujazo 1275, zinajulikana kwa kupata nyufa kati ya viti vya valvu (sehemu ambazo valvu hukalia zikifunga) katika silinda hizo za katikati. Nyuma ya kuta hizo kuna maji ya kupoozea. Kila unene anaouondoa fundi unalisogeza joto karibu na maji, na akiteleza kidogo atatoboa, nawe utabaki kutafuta silinda hedi nyingine ya gari ambalo halitengenezwi tena.

Kuna kazi anayoweza kuifanya kwa faida. Aondoe makovu yaliyoachwa na kalibu, na alainishe ngazi ndogo iliyo chini tu ya kiti cha valvu, mahali ambapo njia ni nyembamba kuliko kwingine. Ukingo unaotenganisha njia mbili kabla hazijaungana katikati auache, na sakafu asiiguse. Manifoldi, yaani bomba linalopokea moshi kutoka midomo hiyo, aipime kwa gasketi, na mdomo wake uwe mkubwa kidogo kuliko wa silinda hedi, kamwe usiwe mdogo, ili moshi unaotoka usikutane na ngazi, bali unaorudi ndio ukutane nayo. Kung'arisha kutachelewesha masizi kushika, basi.

Kama kuna fedha ya ziada, ningeiweka kwenye viti vya valvu. Silinda hedi za zamani ziliyategemea madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya petroli kulinda viti vya chuma cha kalibu, na petroli hiyo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Viti vigumu vya kupachika kwenye valvu za moshi vitakufaa miaka mingi kuliko njia pana.

SWALI: Kwa nini valvu ya moshi ni ndogo kuliko ya kuingiza hewa, ilhali moshi wenye joto huwa umetanuka?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Kwa sababu ya nguvu inayousukuma. Katika injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa), mchanganyiko wa hewa na petroli huingia kwa msukumo wa hewa ya kawaida peke yake, ambao hauzidi kipimo kimoja cha angahewa, ilhali moshi hutoka ukiwa na shinikizo la mara kadhaa ya hilo. Unaohitaji mlango mpana ni ule wenye msukumo dhaifu. Zaidi ya hayo, valvu ya moshi hutoa sehemu kubwa ya joto lake kupitia kiti chake wakati imefunga, na kichwa kidogo hupoa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kutoka katikati yake hadi kwenye kiti ni karibu.