Nyama nyekundu kwenye kidonda cha mguu

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Mume wangu anaendesha bodaboda hapa Tandahimba. Mwezi uliopita aligongwa na gari, mfupa wa muundi ukavunjika na kutoboa ngozi. Amefungwa vyuma vya nje. Sasa kidonda kimejaa nyama nyekundu yenye punjepunje, ukiigusa tu inatoa damu. Mama mkwe anasema hiyo ni nyama mbaya, tuipake mrututu ikatike. Samaki na mayai kampiga marufuku, eti vinatonesha. Tufanyeje?
Mke wa dereva

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Huo mrututu uondoke nyumbani leo.

Nyama unayoiogopa ndiyo niliyokuwa naiombea miaka yote niliyofungua bandeji wodini. Baada ya damu kuganda, chembe nyeupe huingia kula vijidudu na nyama iliyokufa. Ndiyo maana siku za kwanza mguu ulivimba ukawa wa moto. Kisha huota hizo punje: vimishipa vipya vya damu, katikati ya nyuzi za kolajeni, protini inayoipa nyama na ngozi nguvu, zinazoanza kufumwa. Kuta zake bado laini mno, lazima zivuje ukizigusa. Ngozi hutambaa juu yake kutoka kingoni, na kidonda chenyewe hujivuta kikapungua. Ukiichoma kwa mrututu, ngozi inakosa pa kupita, mnaanza upya. Wengine hupaka mafuta ya ganda la korosho! Aliyewahi kubangua anajua yanavyobabua vidole.

Ila nyama ikigeuka ya kijivu au nyeusi, ikinuka, ikitoa usaha, ikipanda juu kuliko ngozi, au akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kama kuna cha kukatwa, wakate wao.

Mfupa nao una kalenda yake. Muundi hauna nyama mbele, damu inaufikia kwa shida. Uliovunjika bila kutoboa ngozi huchukua miezi 3 au 4. Wa mumeo unaweza kupita 6. Atakayemruhusu kurudi kijiweni ni picha ya eksirei, si madeni ya pikipiki. Mfupa ukiunga vizuri unakuwa mfupa kamili, hauna kovu. Ngozi haina bahati hiyo: kovu hata likomae mwaka mzima, nguvu yake huishia kama asilimia 80 ya ngozi ya awali. Mguu huo ataulinda daima.

Mama mkwe msimgombeze, ana uchungu na mwanawe. Lakini samaki, mayai, mbaazi na kunde ndivyo vinavyojenga nyama, na kolajeni haifumwi bila vitamini C. Mabibo yanayooza chini ya mikorosho yenu yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Ayale mabivu kabla hayajaoza, yakishakuwa gongo, hapana. Sigara nayo aache, inabana mishipa ya damu.

Na mkienda zahanati kubadilisha bandeji, ulizeni kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika.