Kuharibu wimbo kunataka mazoezi: kwa mnaoanza vichekesho vya kuimba

Mara yangu ya kwanza nilipanda jukwaani, kwenye harusi, na wimbo wa mapenzi wa Marekani wa miaka ya 1940, zile nyimbo laini za bendi kubwa kabla ya rock kushika. Nikapiga kelele, nikakunja uso, nikajikwaa makusudi. Watu wakaendelea na pilau yao. MC akanivuta pembeni: "Kaka, hujauharibu wimbo. Hujauimba kabisa."

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujanunua wigi, tafuta rekodi za Jonathan na Darlene Edwards. Watu hao hawakuwapo. Darlene alikuwa Jo Stafford, mwimbaji wa Marekani aliyesifika kwa kupatia noti za muziki bila kutikisika, na Jonathan alikuwa mumewe Paul Weston, kiongozi wa okestra. Weston alizoea kuwachekesha marafiki kwenye karamu kwa kumuiga mpiga piano mbovu wa hotelini, mpaka mwaka 1957 mzaha ukawa albamu nzima. Stafford anaifuata noti ya juu, anaishia chini yake kidogo tu, halafu anatulia hapo kwa raha zake, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Weston naye anamwaga madoido mpaka hesabu inampotea, basi anaongeza pigo ambalo wimbo hauna. Mwaka 1961 wakapata Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, kwa albamu nyingine ya mzaha huohuo. Stafford, pamoja na sauti yake yote ile, hakupata Grammy nyingine.

Sasa jaribu nyumbani. Kukaa chini kidogo ya noti na kubaki hapo bila kuyumba ni kazi ngumu kuliko kuipatia. Asiyejua noti ilipo hupanda na kushuka ovyo, na watu humwonea huruma badala ya kucheka. Mimi huuimba wimbo sawasawa wiki mbili nzima kabla sijaugusa. Na usicheke! Darlene hajui kwamba anakosea.

Jambo la pili ni subira. Spike Jones na bendi yake walirekodi "Cocktails for Two" mwaka 1944. Inaanza na kwaya tamu kabisa, ukidhani ni wimbo wa kweli, ndipo zinaingia kengele, milio ya bastola na kwikwi, na kila mlio unaangukia kwenye pigo lake. Wanaoanza hukimbilia bastola. Hadhira yetu mara nyingi haiujui wimbo wenyewe, kwa hiyo ubeti wa kwanza uimbe vizuri, wauzoee, ndipo uubomoe.

Halafu chagua kosa moja. Stan Freberg, mchekeshaji wa Marekani, mwaka 1955 alipouchezea wimbo wa kwaya ya Mitch Miller uliokuwa na ngoma ya gwaride, hakugusa kila kitu. Alimfanya mwimbaji agombane na mpiga ngoma anayemfunika sauti, basi. Ugomvi huo unatosha wimbo mzima.

Juzi nilirudia ule wimbo wangu wa kwanza, safari hii chini kidogo ya noti, uso mkavu. Ukumbi ulicheka mpaka sahani zikawekwa chini. Nilipotoka, mzee mmoja alinifuata, akanishika bega kwa huruma, akanishauri niwe natafuna tangawizi asubuhi. Nikasema shikamoo, nikamshukuru.