Barua kwa mwanangu: nyama ni majani

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Dada yako alinisomea mchana, jioni nikavaa miwani nikaisoma tena mwenyewe. Wajukuu zangu hawajambo huko Mwanza? Sisi huku Kishapu tu wazima. Yule ng'ombe wa paji jeupe amezaa, dume tena.

Unauliza ukiacha kazi ya benki uanze na ng'ombe 20 au 30, na bucha uifungue mjini Shinyanga au hapa kwetu njia panda. Nitakujibu, lakini na mimi nakuuliza: majani utayatoa wapi? Barua yako ina kurasa 3. Mizani umeiandika, jokofu umeliandika, hata pikipiki ya kuwapelekea watu nyama majumbani umeiandika. Majani umeyapa maneno mawili, "malisho yapo", basi. Mwanangu, nyama ni majani. Umelisikia hilo tangu unanyonya.

Haya, hesabu. Maksai wetu wa kienyeji akinenepa sawasawa anafika kilo 300. Ondoa ngozi, kichwa, kwato, matumbo na damu, kinachobaki kwenye ndoano hakizidi nusu: kilo 140, ukibahatika 150, na mifupa imo humo humo. Ukurasa wa pili umezidisha bei ya kilo kwa 300 nzima, irudie hesabu hiyo. Utumbo, kichwa na makongoro vina wateja wao, usividharau, siku nyingine ndivyo vinavyolipa ushuru wa machinjio na mkono wa mchinjaji. Ila mwaka wa kwanza ningekuwa wewe ningechinja mbuzi. Mbuzi ana kilo 12 hivi za nyama, kufika saa nne asubuhi amekwisha na wewe umelala usingizi. Mimi sikuwa na jokofu. Niliandika majina ya wateja kwenye daftari kuanzia Jumatano, na daftari lisipojaa, Jumamosi hakuna kuchinja. Mnyama asiyepata wenyewe mwache aendelee kula.

Hilo ndilo jibu la swali lako, na lingetosha. Lakini chini kabisa umesema mdogo wako, mtoto wa baba yako mdogo, ataleta ng'ombe wake 40 mchunge pamoja kwenye ngitili yetu, yale malisho ya ukoo tunayoyafunga yasiliwe mpaka kiangazi. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Kuna jambo sikuwahi kukuambia.

Ngitili ile unaijua kwa kuipita. Sijui kama unaijua ilivyopatikana. Wazee walikuwa nazo tangu zamani, kila ukoo na yake, lakini mwaka 1974 tulipohamishiwa vijijini watu waliziacha nyuma, zikaliwa na kila mwenye ng'ombe, miti ikaisha. Mimi nimeolewa hapa ardhi ikiwa nyeupe kama unga. Watu wa HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, walipoanza kazi mwaka 1986, babu yako alikuwa miongoni mwa waliofunga ngitili upya. Mvua zikianza tu anaifunga. Haingii hata ndama, halikatwi hata tawi la mgunga, mpaka mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa nchi yote ni vumbi, lakini mle majani yamekauka yakiwa yamesimama, yanakufika kiunoni. Anawafungulia upande mmoja, wakiumaliza anawafungulia wa pili. Ndiyo maana maksai wetu walifika Novemba wakiwa na nyama mgongoni wakati wa jirani wanahesabika mbavu.

Sasa mwaka 2005. Wewe ulikuwa bwenini, kidato cha pili. Marehemu baba yako alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini na karo yako ya mihula yote miwili alilipa baba yako mdogo. Mwezi wa sita akaja na ng'ombe 60. Akaketi pale chini ya mwembe, akanywa maji, akasema, "Shemeji, ni wiki mbili tu, nikipata pengine nawahamisha." Ningemwambia nini? Nikaenda nikaondoa ile miiba ya mlangoni kwa mikono yangu.

Wiki mbili zikafika mwezi wa nane. Mwezi wa tisa nilipokwenda kuifungua kwa ajili ya ng'ombe wetu, hapakuwa na cha kufungulia. Kisha mvua za mwisho wa mwaka zikachelewa, lambo letu likakauka, wanyama wakawa wanatembea saa tatu kwenda kunywa na saa tatu kurudi.

Jumamosi moja daftari lilikuwa na majina 31. Nilikuwa na maksai mmoja tu aliyebaki na sura ya kuchinjwa. Akarudi kutoka kwenye maji Ijumaa jioni miguu ikitetemeka, na badala ya kumpumzisha nikaagiza achinjwe alfajiri iliyofuata. Nyama ikatoka nyeusi, inanata vidoleni kama gundi. Mkaguzi akapiga mhuri, kwa kuwa ugonjwa haukuwapo. Mwanangu, mimi niliiona. Nimekata nyama miaka mingi, niliigusa nikajua, nikaiuza yote.

Jumapili baada ya misa akaja yule mwalimu mstaafu wa karibu na kisima, amebeba sufuria imefunikwa kwa kitambaa. Akaiweka mezani. Akasema, "Mayu, tumechemsha tangu asubuhi. Unaumwa?" Hakuwa na hasira, wala pesa yake hakuitaka, alidhani naumwa. Alipoondoka nikafunua nikachukua kipande. Nilitafuna mpaka taya likauma, nikakitoa nikakishika mkononi.

Jumamosi iliyofuata daftari lilikuwa na majina 9. Hakuna aliyenisema. Walipita tu wakanisalimia vizuri, wakaenda kununua kwingine.

Afisa mifugo aliniambia ni uchovu, kwamba mnyama akichinjwa kabla hajapumzika nyama yake huwa hivyo, nyeusi na kavu, hata awe amenona. Huenda ni kweli, yeye alisomea. Lakini saa sita za kutembea zisingemchosha vile kama angekuwa na nguvu za majani mwilini. Lakini pia lambo lilikauka kwa wote, hata kwa waliolinda ngitili zao. Lakini wao walichinja na nyama yao ilikuwa nyekundu! Narudi pale pale: nyama ni majani, na majani ni ya yule anayeweza kusema "bado".

Sikuandikii haya ili ujione mdaiwa. Karo ilistahili kulipwa, ningeondoa miiba ile hata leo kwa ajili yako. Wala baba yako mdogo si mtu mbaya, ng'ombe wake walikuwa wanakufa. Ndiyo ugumu wenyewe. Adui ungemfukuza. Anayekuja kwenye mlango wa ngitili ni ndugu, ana shida ya kweli, na amewahi kukusaidia.

Mstari huu nimeandika mara mbili "usiache kazi" nikafuta mara mbili. Una mikono mizuri na wanyama, hilo nalijua tangu ulipomlea yule ndama yatima kwa chupa. Mwezi wa tano nilipochinja dume aliyetoka kwenye majani mabichi, mafuta ya njano, watu waliuliza kama nimerudi kazini, na moyo wangu uliruka kama wa msichana. Kwa hiyo sisemi.

Ila uje kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, na uje na huyo mdogo wako. Tutaizunguka ngitili yote kwa miguu, tuone mnaweza kulisha wangapi, na mseme mbele yangu inafunguliwa mwezi gani na nani anashika mlango. Lile daftari nimelitoa sandukuni. Jina la mwalimu liko mstari wa 4. Yeye hayupo tena, lakini mkewe bado anakaa pale kisimani, na mbuzi wa kwanza utakayemchinja nataka mguu wa nyuma upelekwe kwake, bila bei.

Mama yako