Doa la utosini: kumjua jogoo na mtetea siku ya kwanza

Kama unafuga kuku wa mayai nyumbani, hasara hii unaijua: unalisha vifaranga thelathini miezi miwili mitatu ukitegemea mitetea, kumbe zaidi ya nusu wanaanza kuwika. Mimi ilinipata mara mbili mfululizo hapa Morogoro. Mzee jirani yangu akaniambia, "Mwanangu, rangi husema mapema. Tafuta jogoo mweusi na mitetea wa mistari."

Nikashika maneno yake kinyume. Nilinunua jogoo wa mistari, mzuri kweli kweli, nikamweka kwa mitetea wangu weusi wa aina iitwayo Malawi. Vifaranga wote wakatoka na doa jeupe kichwani. Wote! Sikuweza kumtenga hata mmoja.

Jeni inayochora mistari ile, ambayo kwa kifaranga huonekana kwanza kama doa jeupe utosini, ipo kwenye kromosomu ya jinsia iitwayo Z. Jogoo ana Z mbili; mtetea ana Z moja na W moja. Kwa binadamu mbegu ya baba ndiyo huamua mtoto awe wa kike au wa kiume, kwa kuku ni mama. Akitoa Z, kifaranga ni jogoo. Akitoa W, ni mtetea. Kwa hiyo mtetea wa mistari huwarithisha mistari yake watoto wa kiume tu. Binti hupata Z kutoka kwa baba, na baba akiwa mweusi mtupu, binti naye hana mistari. Jogoo wangu yeye alikuwa na jeni ya mistari kwenye Z zote mbili, akawagawia wote.

Safari ya pili nilimweka jogoo mweusi wa Malawi kwa mitetea watano wa mistari. Hapa kuna jambo wengi hulisahau: ukishamtoa jogoo wa zamani, subiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha, maana mbegu zake hubaki ndani ya mtetea zaidi ya wiki mbili.

Hakikisha pia mtetea ni wa mistari kweli. Mchomoe unyoya mmoja, uuweke kwenye mwanga. Mistari ikatize unyoya, cheusi, cheupe, cheusi, tangu shinani hadi ncha. Ukiona weupe kwenye ncha tu, huyo ni wa madoadoa, na madoadoa hayafuati jinsia. Mweupe mwache kabisa, kwa sababu chini ya weupe kunaweza kujificha rangi yoyote.

Siku ya 21 mayai yakaanguliwa. Nilisubiri vifaranga wakauke, nikawashika mmoja mmoja chini ya taa. Mwenye doa utosini, kama tone la maziwa lililodondoka vibaya, ni jogoo. Mwenye utosi mweusi ni mtetea. Usiangalie tumbo wala ncha za mabawa. Vifaranga weusi wa Malawi huwa na weupe huko, wa kike na wa kiume. Fanya kazi hii siku hiyo hiyo, umfunge mtetea uzi mwekundu mguuni, na uulegeze kila wiki kwa sababu mguu unakua haraka.

Mitetea nikawalea kwa ajili ya mayai, majogoo nikawatenga banda lao wanenepe hadi Krismasi. Chakula sasa nakipanga kwa hesabu.

Kosa linalowarudisha watu nyuma ni kuzalisha ndugu hao kwa ndugu. Jogoo aliyepatikana ana Z moja tu yenye mistari, kwa hiyo akipanda dada zake weusi, mistari itatokea kwa nusu ya majogoo na nusu ya mitetea, na doa halikwambii kitu tena. Ndiyo maana nina mabanda mawili ya mbegu: moja la kuku wa mistari watupu na jogoo wao, jingine la Malawi. Nikitaka vifaranga wa kutambulika, nahamisha mitetea wachache wa mistari kwa yule mweusi, halafu nahesabu wiki tatu.