Barua kwa Binti Yangu Anayetaka Kuhesabu Vinasaba

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo na wadogo zako hawajambo. Barua yako nimeisoma taratibu, maana swali lako si la kujibiwa kwenye simu. Unasema umemaliza uzamili wa takwimu, kampuni ya bima inakutaka, na hapohapo umepewa nafasi ya uzamivu katika jenetiki ya takwimu, yaani kutumia hesabu kuchunguza vinasaba vya watu. Unauliza: "Baba, mtu anaweza kuitegemea kazi hii maishani, au nitazunguka na mikataba mifupi nikihesabu damu za watu mpaka nizeeke?"

Mikataba mifupi ipo, sitakuficha. Uzamivu ni miaka mitatu au minne. Baada ya hapo ni utafiti wa mkataba, miaka miwili huku, mitatu kule, mara nyingi nchi za mbali, kabla mtu hajapata kiti cha uhadhiri au kundi lake mwenyewe. Mshahara unatoka kwenye ruzuku, na ruzuku huisha. Wenzako watakaokwenda bima watajenga kabla yako. Zungumza hayo na mchumba wako mapema, asije akayajulia njiani.

Sasa nikujibu kama mwalimu wa takwimu. Fani hii si tawi la pembeni la somo letu. Mwaka 1918 mwanatakwimu Ronald Fisher, wakati huo akifundisha shule huko Uingereza, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kanuni za urithi za Mendel zinatosha kueleza hata sifa zisizo na mpaka wazi, kama urefu wa mtu. Variansi unayoitumia kila siku, kile kipimo cha namna namba zinavyotawanyika, ilitoka katika kazi ile. Lakini Fisher huyohuyo alikuwa muumini wa yujenia, ile imani ya kuchagua nani azae na nani asizae, na mwaka 1933 alikalia kiti cha uprofesa cha jina hilo katika University College London. Ujue hilo kabla hujaingia. Hesabu hizi zimewahi kutumika kuwapanga binadamu kwa madaraja, na mama atakayeombwa damu ya mwanawe ana haki ya kuuliza mnaitafutia nini. Umjibu kwa adabu na kwa ukweli wote.

Nikueleze kwa nini naona wewe hasa unahitajika. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi ya Gambia kuhusu malaria kali. Watafiti walipima watoto 2,500 kwa chipu inayosoma alama laki tano za DNA. Ukijaribu kama kila moja ya alama nyingi kiasi hicho inahusiana na ugonjwa, kwa kipimo chetu cha kukubali bahati ya asilimia 5, maelfu zitaonekana za maana kwa bahati tu. Ndiyo maana fani hii imekubaliana kwamba uwezekano wa bahati usizidi 5 katika milioni 100. Basi jeni la selimundu, ambalo tangu utafiti wa Anthony Allison mwaka 1954 linajulikana kuwakinga na malaria wale waliolirithi kwa mzazi mmoja, lilitakiwa lionekane wazi kama mbalamwezi. Halikuonekana hivyo. Lilifika 4 katika milioni 10, yaani 40 katika milioni 100, likashindwa kutimiza sharti hilo.

Kosa halikuwa la damu ya Wagambia. Chipu haisomi kila herufi ya DNA. Husoma alama chache na kutegemea kwamba herufi za jirani zimerithiwa pamoja nazo. Sisi Waafrika ndio wenye historia ndefu kuliko watu wote, na kwa vizazi vyote hivyo DNA imekatwa na kuchanganywa, hata ujirani huo ni dhaifu kwetu kuliko Ulaya. Njia iliyofanya kazi vizuri kwa Waingereza ikapwaya. Watafiti wakasoma eneo lile herufi kwa herufi kwa Wagambia 62 tu, wakatumia takwimu kukisia herufi zilizokosekana kwa wale maelfu, na ishara ikapanda hadi 4 katika trilioni 100, kileleni pakiwa palepale penye selimundu. Damu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni hesabu, na watu 62 waliochaguliwa mahali panapostahili. Nilipoisoma kazi ile nilisimama nikatembea ukumbini, kwa furaha.

Tena kuna hii ya nyumbani kabisa. Mwaka 2017 Ellen Leffler, Gavin Band na wenzao walionyesha mpangilio wa jeni za glaikoforini, protini za juu ya seli nyekundu ambazo kimelea huzitumia kuingilia, unaopunguza hatari ya malaria kali kwa kama asilimia 40. Upo Afrika Mashariki. Afrika Magharibi hawakuuona. Chipu peke yake isingeupata, kwa sababu ni vipande vya jeni vilivyorudiwa na kuunganishwa upya. Ilibidi wabuni namna ya kuhesabu nakala. Kisha mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake, kwa damu ya watoto 42 wa Kilifi, wakaeleza sababu: utando wa seli zenye mpangilio huo umekaza zaidi, na kimelea kinashindwa kupenya. Hesabu ilitangulia, maabara ikafuata. Ukitaka kujua kazi yako itakuwa nini, ndiyo hiyo.

Kwa hiyo nasema nenda. Mapenzi ya babako yamo ndani ya neno hilo, lakini halikutoka kwa mapenzi peke yake. Anayeimudu takwimu kwa kina, akaandika programu zake mwenyewe, hakosi kazi hata ruzuku ikiisha. Bima haitakufungia mlango ukiwa na uzamivu. Ninachokiogopa ni kingine. Katika makala zenye majina mia, mtu wa hesabu huweza kukaa katikati miaka na miaka, akawafanyia wenzake uchambuzi na asiwe na swali lake. Na mara nyingi sampuli zimetoka kwetu, maswali yakaulizwa kwingine.

Kabla hujasaini, muulize profesa wako haya. Data inakaa wapi, na nani anaamua itumikeje? Utakuwa mwandishi wa kwanza katika makala angalau moja yenye njia uliyoibuni wewe? Ukihitaji mwaka wa nne, fedha ipo? Utapata nafasi ya kukaa na wanaochukua sampuli, uone damu inavyoombwa? Usione haya kuuliza, na uombe majibu kwa maandishi.

Yakifika, nitumie kabla hujawajibu bima. Wana muda wa kukusubiri wiki mbili.

Babako akupendaye.