Kosa unaliona kwa macho

Habari mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza ni gemu ya aina gani unashindwa kuiacha na nini hasa kinakuvuta. Mi jibu langu ni zile za mafumbo ya mashine, yaani unapewa gia, kamba, kapi, mikono ya chuma au sanduku lililojaa kufuli alafu unaambiwa haya, kifanye hiki kitu kifanye kazi. Na sababu yangu ni moja: ukikosea, unaona kwa macho yako umekosea wapi.

Nianze na The Incredible Machine ya mwaka 1993 maana ndo iliyonishika mwanzo kabisa. Unapewa mipira, puto, mkasi, mshumaa, mikanda ya kuzungusha, na kuna panya ndani ya kijumba chake ambaye kijumba kikigongwa tu anaanza kukimbia na ule mkanda unazunguka. Lengo lenyewe linaweza kuwa dogo sana, labda mpira udumbukie upande wa pili wa skrini. Unapanga vitu, unawasha, unatulia unatazama. Mpira unadondoka, unagonga kijumba, panya anakimbia, mkanda unazunguka, puto linapaa vizuri kabisa na linapita pembeni ya mkasi kwa nafasi ya ukucha. Basi, imegoma. Lakini hakuna aliyekwambia umefeli, umeona mwenyewe, na kabla hata haijasimama mkono wako ushaenda kuusogeza mkasi. Alafu waliweka mpaka mvutano wa dunia na mgandamizo wa hewa, na kuna mafumbo ambayo hivyo viwili vimebadilishwa, kwa hiyo mpira uleule uliouzoea unakuja kwa namna nyingine na inabidi uanze kuujua upya.

Linganisha na yale mafumbo ambayo jibu limejificha kwenye kichwa cha aliyetengeneza gemu, unabeba vitu kumi kwenye begi unajaribu kila kimoja kwa kila mlango mpaka kimoja kikubali. Kikikubali hujui kwa nini kimekubali. Hapo mi naona nimebahatisha tu, sijaelewa kitu, na kuelewa ndo kilichonileta.

Sasa ile ninayoipenda kupita zote ni Opus Magnum ya 2017, kazi ya kampuni ya Zachtronics. Humo unatengeneza vitu kwa ufundi wa wale wa zamani waliotaka kugeuza madini ya risasi yawe dhahabu. Unaweka mikono ya chuma mezani, kila mkono unaupangia hatua zake moja moja, shika, zunguka, achia, rudi, alafu mashine inarudia hatua hizo bila kuchoka. Risasi ukiipa zebaki inakuwa bati, bati inakuwa chuma, chuma shaba, shaba fedha, fedha dhahabu, yaani chembe 5 za zebaki kwa kila risasi moja. Ukishajua hilo fumbo limebaki kuwa la usafirishaji, nani analeta zebaki, anaileta saa ngapi, anapita wapi bila kumgonga mwenzake. Na meza haina mwisho, unaweza kujenga limashine likubwa lisilo na mpangilio na likipata jibu gemu inalikubali, haikulazimishi ufikirie kama mtu mwingine.

Kuna siku nilikwama hapo jioni tatu mfululizo. Chembe mbili zinagongana, mashine inasimama na kuonyesha palepale zilipogongana, mi nabadilisha mkono wa kushoto, zinagongana tena. Mdogo wangu, ambaye hiyo gemu hajawahi kuigusa hata siku moja, alikuwa amekaa pembeni anasubiri zamu yake ya kompyuta, akaangalia kidogo akasema, "Dada, hiyo ya kulia inawahi, mwenzake bado haijatoka." Na kweli! Nilikuwa nahangaika na mkono usiohusika kabisa, nikauongezea wa kulia hatua moja ya kusubiri na mashine nzima ikatembea. Sasa fikiria, yeye hajui sheria hata moja, hajui zebaki ni nini, ila shida ilikuwa mezani mbele ya kila mtu na yeyote mwenye macho angeweza kusaidia. Sijui gemu nyingine zinazompa mtazamaji nafasi hiyo. Tangu siku hiyo anakaa karibu yangu makusudi, na nikimaliza fumbo ananiambia niwashe tena tuitazame.

The Room ya 2012, iliyotengenezwa na Fireproof Games kule Uingereza, kwangu ni utamu wa vidole. Una sanduku moja mbele yako, ufunguo huubonyezi tu, unauzungusha kwa kidole mpaka usikie kufuli limeachia, droo unaivuta. Sio ngumu sana. Ila ule mlio wa chuma kuingia kwenye sehemu yake, jamani, umepangwa na watu wanaopenda vitu.

Kuna jambo moja linalopingana na haya niliyosema na sitaki kulificha. Sokoban, gemu ya Japani ya mwaka 1982, mtunza ghala anasukuma maboksi kwenda sehemu zake na hawezi kuyavuta, kusukuma tu. Boksi likiingia kwenye kona ambayo sio sehemu yake unajua saa hiyohiyo limeganda. Lakini ukiweka mawili yakalala ubavu kwa ubavu ukutani unaweza usishtuke, ukaendelea kusukuma mengine kwa raha zako, hatua arobaini mbele ndo unagundua uliharibu kitambo. Kosa lilikuwa wazi muda wote, jicho langu ndo lilikuwa halijajifunza kulisoma. Na nadhani hicho ndo kinachokua kadri unavyocheza, siku hizi nikiona maboksi mawili yanakaribiana ukutani nasita mwenyewe bila hata kuhesabu.

Ndo maana siwezi kabisa zile gemu za simu zinazokupa dokezo kabla hujakaa hata dakika moja, mshale unawaka, bonyeza hapa. Wanadhani kukwama ni ubovu unaotakiwa kuondolewa. Niacheni nikwame! Zile jioni tatu sikuwa nateseka, nilikuwa nalala nikiiona ile mikono inazunguka na asubuhi nina hamu ya kujaribu.

Ukimaliza fumbo kwenye Opus Magnum unaonyeshwa namba tatu, gharama, mizunguko, na eneo ulilotumia, pamoja na grafu ya wachezaji wengine walivyofanya. Hakuna anayekulazimisha kurudi. Ile mashine tuliyoirekebisha na mdogo wangu inafanya kazi, lakini jana tumeitazama tena yeye akaninyooshea kidole mkono mmoja wa juu ambao kila mzunguko unasimama bure hatua nne unasubiri zebaki. Nikishawatumia hii barua naenda kuuhamisha.