Nyama ya kondoo Arusha

Dada, umeuliza mbona mabucha ya mjini yamejaa ng'ombe na mbuzi, kondoo haonekani. Wateja wake wachache, na wengi huku wanamnunua mzima. Changeni majirani wawili watatu, mwende asubuhi kwenye mnada wa mifugo wa Meserani, nje ya mji. Piga hesabu kabla ya kutoa hela: kondoo wa kilo 30 akichinjwa hubaki kilo 14 hivi, mifupa ndani. Machinjioni akaguliwe. Epukeni wiki ya Idd el-Hajj, bei inapaa. Na huyu wetu wa Kimasai ana mkia wa mafuta, usiutupe jamani! Uyeyushe taratibu, kaangia vitunguu vya pilau. Mafuta ya dukani utayasahau.